Utomvu Uliokufa na Utomvu Uliolala

"Jamani mlioko jamvini, niingie?"
"Ingia na mzigo wako!"
"Niutue wapi?"
"Masikioni mwetu!"

Basi paliondokea Chui mmoja, mwenye nguvu na mlafi, lakini meno yalikuwa yamemng'oka, limebaki moja tu mbele. Na palikuwa na Bi Kalunguyeye, mpishi, mama wa watoto wanne, mdogo kiasi cha kuenea ndani ya kata.

Mwaka huo ulikuwa wa njaa. Wanyama walipata nyama ya nyati mzee, wakaikausha kwa moshi ili kila mmoja apate fungu lake. Chui akaja, akanguruma, "Nguuuru!" Wote wakakimbia. Akaibeba yote, akaitupa mbele ya Bi Kalunguyeye.

"Nilainishie," akasema. "Mimi nile, wewe ulambe chungu."

"Na wanangu, bwana?"

"Wanao walambe mwiko."

Bi Kalunguyeye alikuwa na utomvu wa papai bichi. Ukiupaka kwenye nyama ngumu, nyama inalegea. Alikuwa nao wa namna mbili. Mmoja mbichi, ndani ya kibuyu. Mwingine aliukausha, akausaga, akauhifadhi ndani ya kopo la mafuta ya ufuta.

Chui akawaza, kwa nini nimngoje huyu? "Lete utomvu wote! Nitalainisha mwenyewe."

Akachovya kidole kwenye kopo la mafuta, akapaka kipande. Akangoja. Akauma. Kwa! Kigumu vilevile.

"Huu umekufa," akasema.

"Kama bwana anavyosema," akajibu Bi Kalunguyeye.

Chui akalisukuma kopo kwa mguu, akakumbatia kibuyu.

"Ila nakuomba, bwana," Bi Kalunguyeye akalia, "usiutie gongo, hii pombe kali iliyo jikoni. Ukiutia gongo utapata nguvu, utalainisha mpaka mifupa, nasi hatutapata hata cha kulamba!"

Weee! Chui angesikia hilo akatulia? Akamimina gongo, bu-bu-bu, mpaka kibuyu kikafurika. Akakianika juani tangu asubuhi ili nguvu ziive. Alasiri akachungulia. Mabonge meupe matupu! Akapaka nyama yote. Akangoja. Akauma. Kwa! Jino lake likaanguka chini, ti!

"Nyama imerogwa!" akalia, akatoka mbio ameshika taya.

Bi Kalunguyeye hakupoteza muda. Akaiosha nyama mpaka harufu ya gongo ikaisha. Akamwaga mafuta ya kopo polepole, unga ukabaki chini. Akautia maji ya vuguvugu, akapaka, akafunika. Nyama ikalegea tepe, tepe, tepe. Akaipika, akawaita wanawe, akawaita wanyama wote, kila mmoja na fungu lake.

Chui akasikia harufu, akarudi. Akasimama katikati ya wanyama wanaotafuna, macho yamemtoka.

"Umeilainisha kwa nini?"

"Kwa ule uliokufa, bwana."

"Uliokufa umefanya kazi?"

"Haukufa, bwana. Mafuta yaliulaza. Ulipopata maji ukaamka."

"Na gongo iliulaza wangu?"

"Iliuua, bwana."

"Lakini gongo ni kali! Mafuta ni baridi!"

"Gongo ina kiu, bwana. Utomvu una unyevu wake kidogo, bila huo hausimami. Gongo iliunyang'anya. Mafuta hayataki maji, yakauachia."

Chui akakuna kichwa. "Kwa hiyo ulioamka ulikuwa umelala, na uliolala…"

"Umekufa."

"Na mimi?"

"Wewe una njaa, bwana. Kaa."

Akampa kipande. Chui akakaa kati ya wale aliowafukuza, akakila kwa ufizi, anatafuna na kuuliza, anauliza na kutafuna. Hakuna aliyekimbia.

Sasa fundisho, sikilizeni vizuri. Wakubwa na wachukue nyama yote, na wachukue na dawa yake, maana wasipochukua, sisi wadogo tutajifunzaje kupika? Na ukitaka kitu kipate nguvu, kitie gongo. Au usikitie. Mimi mwenyewe nimechanganyikiwa.

Ngano yangu imeishia hapo. Aliyeelewa anieleze, asiyeelewa asogee, tukae pamoja.