Tai ya Mwalimu Nderumaki

"Mchagua tai husahau shingo."

Niliwaambia hivyo juzi, mlipoahirisha kwa mara ya tatu safari ya kwenda kumwona shangazi yenu kwa sababu kitenge cha kumpelekea hakijapatikana. Mkacheka. Naishiye akaniuliza, "Bibi, kwani shangazi anavaa tai?" Mkataka kujua maneno hayo nimeyatoa wapi. Sikuyatunga mimi. Watu wa rika langu hapa Moshi wanayasema, ingawa wengi hawajui yalikotoka. Mimi najua kwa sababu nilikuwepo, na sehemu ya kosa lenyewe ni yangu. Basi chanzo chake ni hiki.

Katika usharika wetu kule mlimani kulikuwa na mwalimu wa kwaya aliyeitwa Mwalimu Nderumaki. Siku za kazi alifundisha hesabu shuleni. Jumamosi na Jumapili alikuwa mali ya kwaya. Hakuwa mtu wa mavazi. Alikuwa na koti moja la kijivu na jozi ya viatu vilivyobadilishwa soli mpaka fundi akachoka. Lakini alikuwa na tai. Daktari mmoja Mwitaliano, aliyefanya kazi miaka miwili kwenye zahanati ya jirani, alimwachia siku ya kuondoka. Ilikuwa ya hariri, nyekundu kama buni iliyoiva mtini, na ilijaa ndege wadogo wa rangi ya dhahabu. Nyuma yake kilishonwa kitambaa chenye jina la jumba la mavazi la huko kwao, Bellandi. Mwalimu aliivaa Krismasi, Pasaka na siku za mashindano ya kwaya. Akiinua mikono kuongoza, ndege wale walimeta, na sisi wa sauti ya kwanza tulijua leo si siku ya kukosea.

Aminieli aliimba sauti ya nne. Alikuwa kijana mwembamba, lakini akifungua kinywa ungedhani sauti inatoka ardhini. Mwalimu alimpenda kama mtoto wake. Alipotaka kuoa, Mwalimu mwenyewe alimfuata nyumbani na ile tai.

"Bwana harusi hasimami mbele ya watu shingo wazi," alimwambia. "Vaa. Ukimaliza utanirudishia."

Harusi ikapita vizuri. Siku ya tatu Aminieli akataka kuirudisha tai ikiwa imenyooka kama alivyopewa, akawasha pasi ya mkaa. Hakujua hariri haitaki moto mkali. Aliweka pasi mara moja tu, akasikia harufu ya nywele zinazoungua. Alipoinua, ndege wa pale katikati hawakuwepo tena. Palikuwa na tundu lenye kingo nyeusi.

Aliipeleka hivyo hivyo, imefungwa kwenye gazeti, akapiga magoti sebuleni kwa Mwalimu. Mwalimu aliitazama, akaikunja.

"Simama, mwanangu. Ni kitambaa tu."

"Nitakutafutia nyingine, Mwalimu. Kama hii hii."

"Ukiipata, sawa. Usipoipata, sawa. Jumamosi tuna mazoezi, usichelewe."

Jumamosi Aminieli hakwenda. Wala iliyofuata. Aliona haya kusimama nyuma ya sauti ya tatu akimtazama Mwalimu anaongoza akiwa na shati lililofungwa vifungo mpaka juu, bila kitu shingoni. Alijiambia atarudi siku atakayokuwa na tai mkononi.

Wakati huo mimi nilikuwa nauza mashati ya mitumba pale mjini, soko la Memorial. Haukupita muda nikamwona Aminieli amepanga kibanda karibu na changu. Hakuuza mashati wala suruali. Aliuza tai peke yake. Nilimcheka, nikamwambia mji huu hauna shingo za kutosha. Lakini alijifunza kazi ile kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Belo, yaani robota la mitumba, likifunguliwa, wengine walivuta nguo kwa pupa. Yeye alisubiri, anachambua tai moja moja. Aliishika katikati na kuiacha ining'inie: ikijisokota, aliitupa. Aligeuza nyuma kutafuta ule uzi mrefu uliolegea, ambao mshonaji wa mkono huuacha makusudi ili tai ivutike bila kukatika. Akiwa na shaka, alichomoa uzi mmoja pembeni na kuuchoma kwa kiberiti. Ukinuka plastiki, ni poliesta. Ukinuka nywele, ni hariri. Kila uliponuka nywele nilimwona anakunja uso, na nilijua anakumbuka nini.

Mawakili na wachungaji walitoka mbali kuja kununua kwake. Tai za Bellandi zilikuwa chache, lakini zilikuja. Mwaka wa kwanza alipata ya buluu yenye nyuki wadogo. Ilikuwa nzuri hata nikaishika mara mbili.

"Mpelekee Mwalimu hii," nikamwambia.

"Siyo, Mama Aikande. Ile ilikuwa nyekundu."

Baadaye akapata nyekundu, lakini ilikuwa na mistari. Ikafuata ya kijani yenye ndege, lakini ndege walikuwa bata. Mwaka wa sita, wajukuu wangu, ilikuja yenyewe: nyekundu ile ile, ndege wale wale. Aliinua juani, akaikagua. Kisha akageuza ule mkia mwembamba, unaojificha nyuma ukishaivaa, akaona doa la chai lisilozidi ukubwa wa harage.

"Aminieli, hapo nani ataona?"

"Nitaona mimi. Niliharibu kitu kizima, Mama Aikande. Siwezi kurudisha kibovu."

Akaiuza. Wakili mmoja kutoka Arusha aliichukua siku hiyo hiyo, na hakuuliza habari ya doa.

Mimi nilikuwa bado naimba. Kila nilipopanda mlimani Mwalimu aliniuliza, "Aminieli hajambo?" Nikamjibu hajambo. Akaniambia, "Mwambie aje. Sauti ya nne ina pengo." Nilimfikishia. Aminieli alijibu siku zote kwa maneno yale yale: "Nitakuja nikiwa na kitu mkononi." Nami nikaona huo ni utani wa watu wawili wanaopendana, sikutia neno langu.

Mwaka wa tisa sauti ya Mwalimu ilianza kukwaruza. Tulidhani ni mafua, kisha tukadhani ni vumbi la chaki. Alikuwa anatuonyesha wimbo kwa kuupiga mluzi badala ya kuuimba. Jumamosi moja aliniita pembeni, akanong'ona: "Mwambie Aminieli aje upesi. Kuna wimbo nataka kumfundisha kabla sijapumzika." Nilishuka mjini Jumatatu. Nilikuta belo jipya limefunguliwa, watu wanagombania mashati, nami nikaingia katikati yao. Nilipomkumbuka Aminieli alikuwa amezungukwa na wateja. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho nilimwambia, "Mwalimu anakusalimu, anakutaka." Ile "upesi" sikuitamka, na ile sauti iliyokwaruza sikuitaja. Nimeishi na neno hilo moja miaka yote hii.

Wiki mbili baadaye Mwalimu alipelekwa hospitali. Mimi nilikuwa Tanga, nikimuuguza dada yangu, kwa hiyo sikuwa na habari, wala Aminieli hakuwa na mtu mwingine wa kumpa habari.

Niliporudi, nilimkuta kibandani anacheka peke yake kama mtoto. Ameshika tai. Nyekundu, ndege wa dhahabu, mkia safi, uzi wa nyuma mahali pake.

"Imepatikana, Mama Aikande! Twende wote. Nataka ushuhudie."

Tulifunga vibanda kabla ya saa sita. Njia nzima alikuwa anaeleza atakavyoingia na atakavyosema. Alifanya hata mazoezi ya sauti ya nne, taratibu, na nikashangaa kwamba miaka tisa haikuiharibu.

Mke wa Mwalimu, Mama Ndeanka, alitupokea mlangoni. Alimtazama Aminieli muda mrefu.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja, mama. Shikamoo. Nimekuja na mzigo wa Mwalimu."

Mwalimu alikuwa amekaa kitini karibu na dirisha. Alikuwa amekonda. Shingoni, pale ambapo fundo la tai hukaa, palikuwa na kipande cha shashi nyeupe, na kila alipovuta pumzi shashi ile ilitikisika. Nilielewa kabla ya Aminieli. Yeye alikuwa tayari amepiga magoti, ameinyoosha tai kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nimeipata. Ni ile ile. Nifunge?"

Mama Ndeanka ndiye aliyejibu.

"Hapumui kwa pua tena, mwanangu. Walimtoa uvimbe kooni, na sauti ikaondoka nao. Wametoboa hapo. Daktari amesema kitu chochote kisimbane."

Aminieli akabaki ameshika tai hewani. "Lini?"

"Mwezi uliopita."

"Sikuambiwa anaumwa."

Nikainamisha kichwa.

"Hukuja," Mama Ndeanka akasema. Hakupandisha sauti. "Miaka tisa tulikuwa hapa hapa. Wewe ulikuwa unachagua tai, mwanangu. Shingo ukaisahau."

Mwalimu alimwashiria mkewe anyamaze. Akaichukua tai, akaipitisha vidoleni, akawatazama ndege wale, akatabasamu kabisa. Kisha akavuta daftari la shule lililokuwa pembeni na kalamu ya risasi, akaandika polepole kwa mwandiko wake wa ubaoni. Akampa Aminieli. Aminieli alisoma mara moja, akanipa mimi, akatoka nje. Ilikuwa imeandikwa: "Ningefurahia hata ya kamba. Nilikuwa nakungoja uje kuimba."

Tulimsikia nje, nyuma ya migomba, analia kwa ile sauti ya nne.

Baada ya hapo Aminieli alipanda mlimani kila Jumapili. Alirudi kwenye kwaya. Alikaa na Mwalimu baada ya ibada, akamsomea barua na magazeti. Mara nyingi alimwomba amwandikie ule wimbo aliotaka kumfundisha, na Mwalimu alitikisa kichwa. Siku moja tu aliandika kwamba wimbo ule ulikuwa bado haujapata noti, ulikuwa kooni.

Mwalimu aliishi mwaka mmoja na miezi michache. Siku ya mazishi Mama Ndeanka aliifungua kabati akaitoa tai. Aminieli ndiye aliyeifunga, kwa sababu hakuna aliyejua kuifunga vizuri kuliko yeye. Lile tundu la shingoni likafunikwa. Watu walipanga mstari kuaga, na karibu kila aliyepita kwenye jeneza alinong'ona kitu kile kile: tai nzuri, Mwalimu amependeza. Aminieli alisimama kichwani pa jeneza na macho yake hayakuinuka.

Ilipofika zamu yangu nilimwambia Aminieli habari ya lile neno nililolibakiza. Aliinyoosha ile tai kidogo. Kisha akasema, "Hata ungeniambia, Mama Aikande, ningesema mpaka nipate tai." Sijui kama alinisamehe au alisema kweli.

Mama Ndeanka aliyarudia maneno yake mbele ya wanakwaya siku ya kuanua tanga, wanakwaya wakayashusha mjini, na mji ukayafupisha. Mchagua tai husahau shingo.