Siku Kajiru Alipojifunga Kanga

"Kesi huishia mdomoni mwa mwenzio." Mnaicheka? Chekeni tu, wajukuu zangu, ila mikono iendelee kupukuchua mahindi. Methali hii ina wenyewe, na ilianza hivi.

Huku kwetu Upareni palikuwa na bwawa moja la kumwagilia, na kila mtu na zamu yake. Alfajiri ilikuwa ya Mzee Kajiru, jioni ya jirani yake, Bi Namangi. Kajiru akawa haonekani alfajiri. Anakuja jioni na kumaliza maji ya mwenzake. Bi Namangi akatia kufuli kwenye mlango wa bwawa. Kajiru, kwa hasira, naye akatia la kwake. Haya sasa! Bwawa limejaa pomoni, na maharage ya kitongoji kizima yanakauka.

Nakijwa, mkulima mwenzao, ndiyo kwanza alikuwa ametoka semina ya usuluhishi, kapu limejaa vitabu, mabango na kadi za mafunzo. Watu wakamtazama yeye, na shamba lake mwenyewe lilikuwa linanyauka. Aliogopa, hata usingizi ukampaa.

Siku ya kwanza akawasomea wagomvi sura ya subira. Kajiru akasinzia. Siku ya pili akatundika mabango, Bi Namangi akasema wale watu wa kwenye picha wanaonekana hawajawahi kulima. Siku ya tatu, akiwa amekata tamaa, Nakijwa akasoma zoezi la ukurasa wa mwisho: kila mmoja aseme ya mwenzake, kana kwamba ndiye.

"Hilo naliweza!" Kajiru akaruka. Akaazima kanga, akajifunga, akabana pua. "Mimi Namangi! Nafika jioni na jembe langu, bwawa tupu! Maharage yamekufa, wajukuu wangu jana wamekula ugali kwa chumvi!"

Watu wakacheka mpaka machozi. Kajiru peke yake hakucheka.

"Kwa chumvi," akarudia, sauti imemshuka.

Bi Namangi akainuka akichechemea. "Na mimi Kajiru! Goti hili jamani! Kwa baridi ya alfajiri haliteremki bondeni hata kwa viboko!"

"Kumbe ulikuwa unanisikia?" Kajiru akauliza.

"Nitakosaje kukusikia, shemeji, nawe unalia na goti tangu masika?" Kisha akasema, "Si uchukue jioni yangu? Nipe alfajiri. Mimi jogoo ananikuta macho."

"Nisamehe, shemeji."

"Shika ufunguo wangu kwanza, utaniomba radhi maji yakishuka!"

Nakijwa akapiga vigelegele peke yake, halafu kitongoji kizima kikampokea. Kufuli zote mbili zikafunguliwa, maji yakashuka mferejini kwa kishindo, naye akayafuata mbio hadi shambani kwake, analia na kucheka kwa pamoja.

Baadaye walimuuliza ni kitabu gani katika kapu lile kilichofanya kazi.

"Vyote ni vizuri," akasema. "Lakini kaanzeni na ukurasa ule. Kesi huishia mdomoni mwa mwenzio."