Kinyozi Aliyeitwa Sijambo

Katika chumba cha kusafishia damu kila mgonjwa alikuwa na kiti chake na mashine yake, lakini kicheko chote kilitoka kwa mtu mmoja. Huyo alikuwa kinyozi mwembamba, mwingi wa maneno, ambaye figo zake zilikwisha kumtupa mkono. Muuguzi alipomuuliza hali, alijibu, "Mimi sijambo, labda umuulize huyu mashine." Watu waliangua kicheko, na jina likamganda kama kupe: Sijambo.

Hata hivyo, kikulacho ki nguoni mwako, na cha Sijambo kilikuwa ndani ya ngozi. Alijikuna kwa kitana cha dukani mpaka kikavunjika meno. Akilala, miguu ilimtekenya kana kwamba imeingiwa na siafu, akarusha mateke hadi mkewe akahamia kwenye kochi la sebuleni. Mashine ilipokaribia kumaliza kazi, misuli ya miguu ilimkaza, naye akasingizia kuwa wateja wanamngoja ili afunguliwe mapema. Kulalamika aliona ni utoto. "Aliyepewa uhai hachagui," alijiambia.

Siku moja alikuwa akimnyoa shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa anakwenda kupigwa picha ya kazi mpya. Ghafla kigimbi cha mguu kikamkaza, akaruka, na mashine ya kunyolea ikapita utosini kama trekta shambani.

Shemeji akajitazama kiooni. "Shemeji, nimekuja kunyolewa au kulimwa?"

"Ni mtindo mpya," Sijambo alisema, jasho likimtiririka.

"Mtindo gani huo unaomliza fundi?"

Ikabidi kichwa kizima kiwe kipara. Shemeji aliondoka akicheka, lakini Sijambo aliutazama wembe uliokuwa mezani. Je, ingekuwaje kama angekuwa ameushika huo? Alifunga duka, akarudi nyumbani mnyonge kama kuku aliyenyeshewa.

"Nimeacha unyozi," alimwambia mkewe. "Na ile mashine ya hospitali nayo nimeichoka. Siendi tena."

Mkewe akaiweka chini nguo aliyokuwa akiikunja. "Baba watoto, umemwambia nani kwamba unaumia?"

"Kila mwenye figo mbovu anaumia. Niseme lipi jipya?"

"Mimi nayajua maumivu yako kwa sababu mateke nayapokea mimi. Muuguzi atayajuaje? Kule u mzima, hapa u hoi! Kesho ukasema, la sivyo nitakwenda mwenyewe kuwaonyesha michubuko yangu."

Kesho yake muuguzi alipouliza hali, Sijambo alitafuta mzaha, mzaha ukagoma. "Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "sijambo yangu ni ya mdomoni tu." Akayamwaga yote: mwasho, miguu, misuli, hata wale wateja wa uongo.

Muuguzi akavuta kigoda, akaketi. "Baba, pole. Mengi ya haya tunaweza kuyapunguza. Ukitoka mapema, maji yanabaki mwilini. Ukirudi tunalazimika kuyatoa kwa kasi, ndiyo maana misuli inakukaza."

Bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa kiti cha pili, akakohoa. "Na mimi nawashwa. Nilidhani ni sabuni."

"Mimi kichefuchefu!" akadakia mwingine.

"Mimi silali!"

Sauti zikapandana hata muuguzi akawaomba wanyooshe mikono kama wanafunzi. Wakacheka wote, na yeye mwenyewe akacheka.

Daktari akaja, akamsikiliza kila mmoja. Sijambo aliongezewa muda kwenye mashine ili maji yatoke polepole, akapewa dawa za mwasho na za miguu, na akaelekezwa vyakula vya kupunguza. Si kila kitu kilikwisha. Siku za mashine uchovu bado ulimlaza kama gogo. Lakini ngozi ilitulia, miguu ikastarehe, na mkewe akarudi chumbani na mto wake kwapani.

Duka likafunguliwa tena. Mwalimu mstaafu akafika akimburuta kwa mkono mumewe mwenye nywele zilizotimka. "Fundi, nisaidie! Hiki ni kichaka, mume wangu yumo humo ndani."

Sijambo akacheka hadi akashika kiti, kisha akaanza kazi, mkono ukiwa umetulia na miguu imesimama imara. Alipoufunua ugonjwa wake ndipo alipoupata usingizi, kazi na furaha yake. Naam, mficha uchi hazai.