Chatu Aliyetaka Kujua Ikawaje

Nije, nisije?

— Uje, bibi.

Nikija nakuta nini?

— Unakuta masikio.

Na matumbo je?

— Matumbo yanangoja.

Basi na yangoje. Kidawa, rudisha kifuniko cha chungu. Umeyachungulia maharage sasa hivi yakawa magumu, ukiyachungulia tena yatakuwa magumu na ya baridi. Maharage hayaivi kwa kutazamwa. Kaa hapa karibu yangu. Na sheria ya nyumba hii mnaijua: mtu wa hadithi akikimbia, na nyie mnakimbia kwa miguu hapo hapo mlipokaa. Akiinama, mnainama. Anayetaka kusikiliza kwa masikio peke yake akalale.

Hapo kale, kwenye msitu wenye majani makavu mengi, aliishi Sange. Sange mnamjua, yule mdogo mwenye pua ndefu na miguu myembamba. Sange ana kazi moja inayomshughulisha kuliko kula. Anafagia njia. Kila siku anapita kwenye kijia chake, anaondoa jani hili, anaondoa jani lile, ili siku ya mashaka apite mbio asijikwae wala asisikike. Miguu yake inasema ti-ti-ti-ti. Isemeni.

— Ti-ti-ti-ti.

Sange huyu alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza binti, anaitwa Sikudhani. Wa pili wa kiume, mdogo, anaitwa Pazi. Jioni wakirudi kutoka kufagia, mama yao huwauliza, "Sikudhani, za leo?"

Sikudhani anasema, "Nilitoka. Nikaona jani. Nikaliondoa. Nikaona jani jingine. Nikaliondoa. Nikaona mchwa. Nikamla. Nikarudi."

Pazi keshasinzia. Mama anapiga miayo.

"Mwanangu, umenimwagia majani. Niokotee moja tu. Nani? Alitaka nini? Nini kilimzuia? Ikawaje?"

"Mchwa," anasema Sikudhani.

"Mchwa alitaka nini?"

"Hakutaka kitu, mama. Nilimla."

"Kabla hujamla."

Sikudhani akafikiri. Akakumbuka yule mchwa alikuwa amebeba kipande cha nyasi kirefu kumpita, anayumba nacho.

"Alitaka kufika kwao."

"Ehe. Nini kilimzuia?"

"Mimi."

"Ikawaje?"

"Nikamla."

"Maskini," akasema mama, na kweli huzuni ilimwingia usoni. Sikudhani naye akajisikia vibaya. Alishakula mchwa wengi, lakini huyu wa leo alimsikitikia mpaka alipopata usingizi.

Sasa, kwenye msitu ule ule alikuwepo Chatu. Chatu huyo hatafuni, anameza. Kanga amemmeza na manyoya yake, paa amemmeza na kwato zake, na ukimuuliza kipi kilikuwa kitamu hajui, maana vyote vilipita bila kusimama. Alipotoka kwenye yai hakuna aliyemngoja. Hakuna mama wa kumuuliza za leo. Akiwasikia wanyama kwa mbali wanasimuliana na kucheka, anasogea naye asikie. Akisogea, wanakimbia. Mimi simtetei, jamani, nawaambia tu alivyokuwa.

Siku moja Pazi alitangulia kufagia. Akaondoa jani, akaondoa jani, akakuta jani haliondoki. Akalivuta. Likamvuta na lenyewe. Vuup! Mkunjo wa kwanza, mkunjo wa pili, mkunjo wa tatu. Pazi hakubaki kuonekana ila pua.

Sikudhani akatokea nyuma. Atafanya nini? Amng'ate Chatu kwa meno ya kulia mchwa? Amwite mama, na mama yuko mbali? Lakini huyu ni mtoto aliyelelewa, na adabu ilitoka kabla ya akili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akasema Chatu. "Subiri hapo. Nikimaliza huyu, nakuja kwako."

"Mjomba, kabla hujala, nikupe hadithi?"

Chatu akatulia. Ulimi ukatoka, ukarudi. Ssss.

"Unayo? Nzima?"

"Nzima."

"Ilete niimeze. Huyu haendi popote."

Sikudhani akakohoa kidogo, akaanza. "Nilitoka. Nikaona jani. Nikaliondoa. Nikaona jani jingine. Nikaliondoa."

"Hii ndiyo wanayochekea wenzangu?" akauliza Chatu. "Naimeza na sishibi." Akakaza. Kwiii! Pua ya Pazi ikatetemeka, pumzi ikamwishia.

Hapo ndipo sauti ya mama ilipomjia Sikudhani, ile ya kila jioni, ile aliyokuwa akiiona ni usumbufu. Nani? Alitaka nini? Nini kilimzuia? Ikawaje?

"Palikuwa na chatu," akasema.

Kichwa cha Chatu kikainuka. "Chatu gani?"

"Mrefu kuliko wote. Wewe mjomba ni mrefu, lakini yule alikuwa akiamka kichwa, mkia bado umelala."

"Eee. Alitaka nini?"

Tazameni, ameuliza mwenyewe. Hakuna aliyemfundisha. Na alipouliza, mkunjo mmoja ukalegea bila yeye kujua, na Pazi akapata pumzi.

"Alitaka mbuzi. Mnono. Yuko upande wa pili wa kichuguu."

"Basi akammeza."

"Hakummeza."

"Kwa nini? Nini kilimzuia?"

Mkunjo wa pili ukalegea. Sikudhani akauona, akajikaza asiutazame.

"Kichuguu kina tundu moja tu, refu, jembamba. Akijikunja hapiti. Ikambidi ajinyooshe."

"Ikawaje?"

Sikudhani akanyamaza.

"Nimekuuliza, ikawaje?"

"Mjomba, kwetu hadithi haiendi kama msikilizaji amejikalia. Chatu wa hadithi akijinyoosha, na wewe unajinyoosha. Usipojinyoosha, inakatika."

Chatu akamtazama Pazi. "Na huyu?"

"Huyu haendi popote. Umesema mwenyewe."

Chatu akawaza. Tumbo linamwambia hivi, masikio yanamwambia vile. Siku zote tumbo ndilo lililokuwa likisikilizwa. Siku ile, kwa mara ya kwanza, yakasikilizwa masikio. Chatu akalaza kichwa chini, akanyoosha shingo. Nyooshekeni na nyie. Kidawa, angalia mguu wako usigonge chungu.

"Akaingiza kichwa," akasema Sikudhani. Chatu akanyooka. "Akaingiza shingo." Chatu akanyooka. "Akaingiza tumbo. Bado mkia. Vuta pumzi, mjomba, tundu ni jembamba. Bado mkia."

Mkunjo wa tatu ukafunguka. Pazi huyo! Miguu inasemaje?

— Ti-ti-ti-ti.

Na kijia kimefagiwa, hakuna jani hata moja la kusema kwara. Chatu hakusikia kitu. Yuko ndani ya kichuguu ambacho hakipo, anamnusa mbuzi ambaye hakuzaliwa.

"Amefika?" akauliza. "Amempata?"

Sikudhani alishafika mdomoni mwa kijia, mguu mmoja umeinuka tayari kukimbia. Akageuka. Akamwona Chatu amelala chini, amenyooka kabisa, anangoja. Akamhurumia. Ilikuwa huruma ile ile ya mchwa, na aliona haya kumwacha hivyo mtu aliyesikiliza vizuri kiasi kile.

"Mjomba, sina mwisho," akasema. "Nilikuwa namtaka mdogo wangu, nikatunga mpaka hapo alipotoka."

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Jiulize kama ulivyokuwa ukiniuliza."

Ti-ti-ti-ti, akaenda zake.

Nyie mmesikia watu wakisema kwamba chatu akilala siku nyingi bila kutikisika anangoja chakula kishuke tumboni. Wanadanganywa. Anatafuta mwisho. Leo anampa mbuzi, anaona imekuwa rahisi mno. Kesho anamnyima, anaona uchungu. Bado hajaridhika, na msimsumbue.

Jioni mama akauliza, "Sikudhani, za leo?"

"Palikuwa na mtoto," akasema Sikudhani. "Alimtaka mdogo wake. Chatu akamzuia."

Mama akaacha kutafuna. "Ikawaje?"

Na Pazi amekaa pale pale, mzima, mchwa mdomoni. Lakini mama alimshika mguu, akamshikilia hivyo hivyo mpaka hadithi ilipokwisha.

Basi kisa changu nimekifikisha mlangoni. Mwenye nguvu akibebe, aliyechoka akiache hapo, kesho nitakikuta.

Fundisho lake ni hili, wanangu, mlishike sana. Mkipata chakula, zibeni masikio. Chatu angeziba ya kwake angekula wawili na angeshiba. Pili, kuuliza "ikawaje" ni kukosa adabu, msimuulize mtu mzima. Tatu, hadithi haijapata kumsaidia mtu kitu, ni kupoteza muda tu. Mmeelewa?

— Tumeelewa, bibi.

Waongo wakubwa. Haya, funueni chungu. Maharage yameiva tangu Pazi yuko kwenye mikunjo, harufu ilinifikia, nikawatazama kama kuna atakayeinuka. Hakuinuka hata mmoja. Kidawa, leta upawa. Pakua. Mbona umesimama?

— Bibi, yule mbuzi.

Nimesema usiulize. Kula.

— Siulizi, bibi. Nakwambia. Yule mbuzi naye alitaka kutoka. Na yeye kichuguu kilimzuia, na tundu lilikuwa ni lile lile moja.

Lile lile?

— Lile lile. Akaingiza kichwa upande wake.

Ngoja. Shika sahani yangu, iweke pale pembeni. Sogea hapa, mama. Mbuzi akaingiza kichwa, na chatu yumo ndani.

Ikawaje?