Kwa Nini Wagwasi Hawapigi Ngoma Siku ya Uhuru Wao

Zamani hizo, wajukuu zangu, nchi yetu ya Wagwasi ilikuwa na mfalme ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyepata kumwona. Alikaa ng'ambo ya mto, mwendo wa siku saba. Yeye ndiye aliyetutungia sheria, yeye ndiye aliyetuletea waamuzi. Tulipouliza kwa nini, tuliambiwa Mungu ndiye aliyemweka.

Ruhaga, babu wa babu yangu, hakukubali. Alikuwa mpika chumvi, mwenye vyungu vingi na maneno mengi. Akawakusanya wazee, wakashauriana mwezi mzima, wakaandika kwamba watu wote wamezaliwa sawa. Kwamba mtawala hupewa mamlaka na wale anaowatawala, na akiwadhulumu wana haki ya kumwondoa. Siku ya kuyasoma maneno hayo ngoma kuu ilipigwa toka alfajiri, na watu walilia kwa furaha.

Kando yao Nyamizi alikuwa akikoroga chungu cha chumvi. Alikuwa mateka wa vita, mtumwa wa Ruhaga. Akauliza kwa sauti, "Bwana, na sisi tumo katika hao watu wote?"

Ruhaga akatazama chini.

"Koroga," akasema. "Chungu kinaungua."

Nyamizi akaweka upawa chini, akashika njia ya mtoni, na watumwa wenzake kumi na mmoja wakamfuata. Ndipo Ruhaga akaamuru ngoma ipigwe tena, safari hii ya msako. Wale wale waliokuwa wakilia kwa furaha wakatoka mbio na kamba. Wakawakamata kivukoni, maji yakiwa magotini. Ruhaga mwenyewe ndiye aliyemfunga Nyamizi mikono.

"Mmeandika vizuri, Bwana," Nyamizi alimwambia. "Kosa langu ni kusikia."

Baadaye mfalme alishindwa, tukawa huru. Nyamizi alikoroga chumvi miaka tisa zaidi, mpaka Ruhaga alipofariki na binti yake akawaachia huru watumwa wote. Ningependa kuwaambia kwamba babu yetu alijuta. Sijamsikia yeyote akisema hivyo.

Na tangu siku hiyo walipoachiwa, ngoma haipigwi kwetu Wagwasi siku ya uhuru. Maneno yale husomwa, ukoo wa Nyamizi ukiwa umeketi, na sisi wa Ruhaga tumesimama vichwa wazi. Mgeni akipita hudhani tumefiwa. Hatumkatalii.