Jino la Pimbi

Hapo zamani za kale… ngoja, nani anacheka?

"Mjomba, karata ya ree imekuganda pajani," akasema Mwanakheri, mpwa wangu.

Kweli! Mtu mzima, nimecheza karata na madereva wa malori toka Kigoma mpaka Lusaka, nimeshindwa kuficha ree moja chini ya paja. Jasho limenisaliti. Haya, wekeni karata chini, niwape kisa cha aliyejua kuficha.

Hapo zamani za kale, enzi wanyama wakioana na kununiana kama sisi, Fisi alimnyang'anya Pimbi pango lake. Mvua ikawanyeshea mkewe na watoto, chwa! chwa! chwa!

"Bwana Fisi, watoto wanakohoa."

"Basi, pango lichezee karata. Ishirini na moja. Anayeikaribia kashinda, anayeipita kaungua. Ukishindwa, wewe na wanao mtanichotea maji mpaka mzeeke."

Pimbi akamkimbilia Kima, bingwa wa karata.

"Hesabu zinazopita," Kima akamwambia. "Ndogo zikiisha, zilizobaki ni kumi, ree na wazungu, zile za picha. Hapo ndipo uweke dau kubwa. Mimi kila karata naipa uzito wake: tano kwa vidole, mbili kwa kucha, ree kwa mkia…"

"Kichwa changu kidogo, kaka. Ndogo ikipita nitaongeza moja, kubwa ikipita nitatoa moja."

"Hesabu ya chekechea hiyo! Njoo unitazame mimi."

Wakaenda pangoni. Kima akatangulia kucheza. Vidole vikacheza, kucha zikacheza, mkia ukapanda na kushuka.

"Mkia huo unahesabu nini?" Fisi akauliza.

"Eh… nzi!"

Puu! Kima akajikuta nje, matopeni.

Fisi akachanga karata upya. Pimbi akaketi na kifuko cha njugu. Ndogo ikipita, njugu moja shavuni. Kubwa ikipita, anameza moja, gudu! Saba, nane na tisa aliziacha zipite kama wageni wa jirani. Kila mkono akaweka dau la pera moja tu. Shavu likavimba.

"Una nini?" Fisi akauliza.

"Jhino, bhwana."

"Pole sana," Fisi akasema, huku akicheka moyoni. Mgonjwa hana akili.

Shavu lilipojaa pomoni, Pimbi akasukuma mapera pembeni. "Shasha pango. Na shishi shote."

Fisi akagawa. Pimbi akapata kumi na tatu. Ya Fisi iliyo wazi ilikuwa sita.

"Nashimama. Shivuti tena."

"Na kumi na tatu? Jino limekupanda kichwani!"

Fisi akafunua ya pili: mzungu. Kumi na sita. Na kanuni yake mwenyewe ilisema mgawaji hasimami chini ya kumi na saba. Akavuta. Mzungu mwingine!

"Umeungua!" Kima akapiga kelele mlangoni mwa pango.

Pimbi akatema njugu, tu! tu! tu!

"Kumbe jino halikuumi!" Fisi akabweka.

"Haliumi, bwana. Linahesabu. Sasa toka, watoto wamelowa."

Fisi akatoka, mkia katikati ya miguu.

Basi wanangu, hesabu ndogo iliyofichwa vizuri huishinda kubwa inayotikisa mkia.

"Tumesikia," akasema Mwanakheri, kiganja wazi. "Rudisha ree."