Jina la Mtoto wa Nyumba ya Udongo

Sogeeni karibu, na mwenye haraka aondoke sasa hivi, maana hadithi hii ikifika mwisho sitawapa jibu. Nimeisimulia msibani watu wakasahau kulia, nimeisimulia harusini mabwana wawili nusura washikane mashati. Leo zamu yenu.

Kijiji chenyewe kinaitwa Lupando, kati ya mlima na mto. Wanawake wa huko hufinyanga vyungu, wanaume hulima mpunga. Na walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Bibi Tupokigwe, mfinyanzi. Kipaji chake kilikuwa kwenye ulimi. Akiweka chembe ya udongo mdomoni anakwambia huu utapasuka, huu utavumilia, na huu mmeuchota karibu na choo cha fulani, mnanidharau?

Wa pili ni Gwakisa, fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Kipaji chake kilikuwa sikioni. Aliegemeza sikio kwenye mashine, akafumba macho, akasema, "Huyu ana mchanga tumboni." Ukifungua, mchanga unamwagika.

Wa tatu ni Subilaga, mama lishe wa sokoni. Huyu kipaji chake nikisemeje? Alijua kukaa. Akikaa mahali, amekaa. Siku mgambo walipofukuza wauzaji sokoni, wote walitimua mbio, yeye akaendelea kukoroga maharage. Mgambo walimfokea mpaka njaa ikawashika, wakaomba sahani.

Sasa shida. Lupando hapakuwa na nyumba ya kujifungulia. Mvua zikianza mto unafura, na mwanamke mwenye uchungu havuki. Binti mmoja, Bupe, alijifungulia ukingoni, mvua ikimpiga mgongoni, na mtoto hakuiona jioni. Mwaka ninaousimulia Bupe alikuwa na mimba nyingine, nayo ilikuwa ikomae mvua zikiwa zimeshika. Kijiji kizima kilijua hivyo, na kila aliyemwona Bupe akipita aliinamisha macho.

Basi akaja mhandisi wa wilaya. "Nesi yupo," akasema. "Lakini ninyi jengeni jengo la tofali za kuchoma. Nyumba ya udongo mbichi mimi siitambui."

Watu wakatazama mlimani. Kuni za kuchomea tofali za shule zilikwisha kula nusu ya msitu, na chemchemi iliyokuwa ikijaza ndoo kwa dakika moja sasa ilijaza kwa nusu saa.

"Hatukati mti mwingine," wakamjibu.

"Basi hakuna nesi."

"Nesi atakuja. Tutajenga kwa udongo, na nyumba itasimama."

Mhandisi akacheka. "Haya. Nawapa miezi mitatu. Nitakuja na gari la maji niupige ukuta kwa bomba. Ukisimama nasaini. Ukianguka, tingatinga litasafisha kiwanja."

Miezi mitatu! Kwa mikono, kuta nene za kuhimili bomba lile zingetaka minane. Lakini ghalani mwa kijiji kulikuwa na mkono wa roboti. Wageni fulani waliuleta zamani kwa majaribio. Ulikuwa unakula udongo wa mifuko kutoka ng'ambo, kisha unautoa mdomoni kama kamba nene, unaizungusha kamba juu ya kamba mpaka ukuta unainuka. Mifuko ilipoisha wageni waliaga, wakaacha mkono na paneli zake za umeme wa jua. Kuku walikuwa wakitagia humo.

Bibi Tupokigwe akauzunguka mara mbili. "Huyu si mgeni," akasema. "Mimi nikifinyanga nazungusha kamba, na yeye anazungusha kamba. Shida yake analishwa vibaya."

Akaanza kazi yake. Alionja udongo wa mashimo kumi na manne, akatema kumi na matatu. Ule mmoja akauchanganya na pumba za mpunga na vigae vya vyungu vilivyosagwa, akauponda kwa miguu pamoja na wanawake wenzake, kisha akaulaza chini ya majani ya migomba siku kumi na mbili. Udongo ambao haujalala, alisema, hauna akili. Gwakisa hakuwa na subira. Siku ya tano aliiba mabeseni matatu akailisha mashine. Ukuta ukafika kiunoni, na jua lilipokuwa utosini ukalala chini wenyewe. Bibi hakumkemea. Alimpa jembe tu, azoe.

Kazi ya Gwakisa ilikuwa na aibu ndani yake. Lupando mwanamume hagusi udongo wa vyungu. Walimwita "mama mfinyanzi", na wazazi wa mchumba wake wakarudisha barua ya posa. Akaendelea. Aliufundisha ule mkono kwenda kwa mawimbi, maana ukuta ulionyooka huanguka kama karatasi uliyoisimamisha, na uliokunjwa husimama. Akaacha uwazi katikati ya kuta mbili ili joto lisiingie. Hata hivyo nyufa zikatokea, nyembamba, kila baada ya tabaka chache.

"Mashine yako inapiga mluzi," Bibi akamwambia.

"Bibi, hayo mambo ya kizamani."

"Udongo haupigiwi mluzi. Ukipigiwa, unapasuka. Mama yangu aliniambia, na mama yake alimwambia."

Gwakisa akacheka, kisha akaona haya kucheka, akaegemeza sikio kwenye pampu. Kweli! Mluzi mdogo, kama wa mtu anayepoza chai. Akafungua, akakuta mpira wa ndani umelika, na hewa inapenya humo ikiingia kwenye udongo kama mapovu. Akakata mpira mpya kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Mluzi ukakoma, na nyufa zikakoma. Siku ile hakubishana na mtu tena.

Kuta zikapanda, paa la nyasi likakaa juu yake likining'inia mbali, wanawake wakasugua ukuta kwa kokoto za mtoni mpaka ukang'aa. Ulibaki kukauka tu. Na hapo ndipo mhandisi akatokea na tingatinga, siku tisa kabla ya siku aliyoahidi mwenyewe.

"Nimeona picha za nyumba hii," akasema. "Hiki ni chungu, si jengo. Mnanipotezea muda."

Ukuta chini ulikuwa bado mbichi. Ungeugusa kwa kidole ungeacha alama. Watu wakaanza kupiga kelele. Subilaga hakupiga kelele. Alibeba majiko mawili, sufuria, na mkeka, akaingia ndani, akakaa.

"Mama, toka nje," mhandisi akasema.

"Baba, siku ya ahadi ni lini?"

"Jumatano ya wiki ijayo."

"Basi karibu Jumatano ijayo. Leo ni maharage."

Dereva wa tingatinga akazima injini. Alisema yeye ana mama, na hawezi kumwangushia mama wa mtu nyumba. Subilaga akakaa siku tisa. Alipikia humo, akalala humo, akihamisha majiko kutoka ukuta huu kwenda ule ili joto lifike kila mahali. Siku ya tatu dereva alikuwa anakula kwake. Siku ya sita alikuwa anamchochea moto.

Jumatano gari la maji likaja.

"Sasa toka, tupime," mhandisi akaamuru.

"Pimeni. Nimo."

Bupe akapita katikati ya watu na tumbo lake, akaingia, akakaa mkekani kando ya Subilaga. Mwenye kushika bomba akaliweka chini. "Mimi sipigi maji nyumba yenye watu," akasema.

"Lete hapa," akasema Bibi Tupokigwe. Akakunja kanga, akaliokota bomba, akaelekeza kwenye ukuta wake mwenyewe. Gwakisa akamshika kiuno asirushwe na nguvu ya maji. Nusu saa nzima! Maji yakateremka mekundu, kisha ya rangi ya chai ya maziwa, kisha meupe kabisa. Watu wakasikia ndani Subilaga akiuliza, "Mmeshaanza?"

Ukuta ulisimama. Mhandisi akasaini. Baada ya wiki akaleta kibao chenye jina lake, kimeandikwa yeye ndiye msimamizi wa ujenzi. Kibao kile leo ni mlango wa banda la kuku, na wanaokipita hawapunguzi mwendo.

Mvua zikaja, mto ukafura, daraja la miti likachukuliwa. Nesi alikuwa amekwisha hamia. Ndani ya nyumba ya udongo, bila tone kumwangukia, Bupe akajifungua binti, na binti akalia kwa sauti ya kugombana.

Sasa shikeni hapa. Lupando mtoto hupewa jina la mtu aliye hai kabla kitovu hakijadondoka. Na anayepewa jina si wa sifa tu. Mtoto ni wake nusu: atakaa naye kila kiangazi, atajifunza kazi yake, atamzika.

Bupe akasema, "Ataitwa jina la aliyejenga nyumba hii. Jina moja. Wa kwanza alizikwa bila jina, na huyu siwezi kumpa jina la kamati."

Wakaja wote watatu, wakaketi mbele yake.

Bibi Tupokigwe akasema, "Nina wana watano, wote wanaume. Nikifa, ulimi huu unazikwa nami. Bila udongo wangu mkono ule ungekuwa bado unatagiwa na kuku. Nipeni huyu nimfundishe kuonja."

Gwakisa akasema, "Bibi udongo alikuwa nao maisha yake yote, na nyumba haikuwapo. Mimi ndiye niliyeuinua. Nilipoteza mchumba kwa ajili ya kuta hizi. Wanangu siwaoni wakija leo wala kesho. Mtoto wa kike akiitwa Gwakisa, acha wacheke, nimezoea."

Zamu ikamfikia Subilaga. "Mimi sikuongeza hata donge moja," akasema. "Nilikaa tu. Lakini nisingekaa, leo mngekuwa mnafagia vumbi. Na mnajua kwa nini nilikaa? Kule mtoni, yule wa kwanza, ni mimi niliyempokea. Nilimshika mpaka akapoa. Niliapa sitaondoka tena mahali ambapo mtoto anangojewa."

Bupe akalia. Bibi Tupokigwe naye akafuta macho kwa kanga, lakini hakuondoa maneno yake. Gwakisa alitazama ukuta, naye hakuyaondoa yake. Hakuna aliyeona haya kutaka alichokitaka, na mimi nawasifu kwa hilo.

Msiniambie wote watatu, Bupe amekataa. Na wewe mjanja wa nyuma unayetaka kusema mtoto aitwe jina la mashine, funga mdomo. Mashine haimchukui mtoto kiangazi. Msiniambie pia tusubiri, maana kitovu kimekauka, kimeshikiliwa na uzi mmoja, na mtoto amelala kifuani kwa mama yake ndani ya nyumba isiyovuja.

Bupe ameinua uso, anakutazama wewe. Je, ungempa jina la nani? Litamke, na utuambie kwa nini wale wawili warudi nyumbani mikono mitupu.